Hivi nani kakwambia huyo wa nyuma ni takataka?

Najua nimepotea, si mnajua mambo ya UE tena, mtu unasahau hata njia ya kwenda kula. Lakini mitihani imekwisha, tupo hai, na leo nina jambo moja ambalo limenikaa rohoni tangu wakati wa mahafali. Ni hii tabia ya kufuta watu na vitu kwenye picha kwa kutumia akili mnemba.

Nadhani mmeona wenyewe. Mtu anapigwa picha na joho lake, anazungusha kidole kwenye kioo cha simu, na yule mama mfagizi aliyekuwa nyuma hayupo tena. Bodaboda hayupo. Kijana wa maji baridi na ndoo yake kichwani, hayupo. Ukipita kwenye kurasa za wahitimu wetu utadhani chuo kizima kilifungwa ili mtu mmoja apigwe picha. Sisi tuliokuwepo tunajua siku ile watu walisongamana kama abiria wa daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na teknolojia na sina ugomvi na mtu kupendeza. Ugomvi wangu ni na neno moja. Hizi programu zinatuambia zinaondoa "kisichotakiwa", na sisi tumelipokea hilo neno bila kuuliza: nani hakitaki? Na hiyo picha inakwenda kufanya kazi gani? Mimi naona maswali hayo mawili yanatosha kutenganisha urembo na uongo, na tusipoyauliza yatatugharimu. Wengine yameshatugharimu, kama mtakavyoona.

Kwanza tuelewane hiki kitu kinafanyaje kazi, maana wengi tunadhani simu "inafuta" kama dasta inavyofuta ubao. Ubao ukifutwa unabaki ubao, chini ya chaki kuna ubao. Picha haina chini. Nyuma ya yule mama mfagizi kamera haikuona kitu chochote, kwa sababu mama alikuwa amesimama hapo. Ukimwondoa linabaki tundu, na tundu lazima lizibwe kiraka.

Kuna njia mbili kubwa za kuziba. Ya zamani ni ile ya fundi cherehani: shati likitoboka anakata kipande kwenye pindo la shati hilohilo na kukiweka penye tundu. Mwaka 2000 watafiti kina Marcelo Bertalmío na Guillermo Sapiro walitoa kazi iliyofungua mlango huu kwenye kompyuta, wakiiga wale mafundi wanaokarabati michoro ya kale kwenye majumba ya makumbusho. Kompyuta ilikuwa inaendeleza mistari na rangi za pembeni mpaka zikutane katikati ya tundu. Baadaye zikaja mbinu za kunakili vipande vizima kutoka sehemu nyingine ya picha, na mwaka 2010 Photoshop CS5 ikaileta kazi hiyo kwa mbofyo mmoja. Tuliozoea kuona picha za harusi ambazo nyasi zinajirudia kama kitenge, ndiyo hiyo.

Njia ya sasa ni nyingine. Mashine imelishwa mamilioni ya picha mpaka imejua ukuta kwa kawaida ukoje, mti ukoje, barabara ikoje. Ukiipa tundu inakisia. Google walileta Magic Eraser mwaka 2021 pamoja na simu ya Pixel 6, na mwaka 2024 wakaifungua kwa watumiaji wote wa Google Photos. Apple nao wakaleta Clean Up kwenye iPhone Oktoba 2024. Yaani kitu ambacho zamani kilihitaji fundi wa studio na saa nzima, leo unakifanya ukiwa kwenye foleni ya kafeteria kabla hujafikiwa.

Sasa shika hapo. Ukuta unaouona nyuma ya mhitimu, pale alipokuwa mama mfagizi, ni ukuta ambao haujawahi kuwepo. Ni makisio. Unafanana na kweli, lakini hakuna jicho wala kamera iliyowahi kuuona. Kwa hiyo ukifuta umefanya mambo mawili kwa mpigo: umeondoa kilichokuwepo, na umeweka kisichokuwepo. Hilo la pili ndilo halisemwi.

"Sasa kaka, ukuta tu, unamdhuru nani?" Kwenye picha ya joho, hakuna anayedhurika. Twende kwenye picha nyingine.

Mwaka jana kundi letu lilikwenda fildi kwenye mtaa mmoja hapa Dar. Kazi ilikuwa ni taka ngumu na mifereji ya maji ya mvua. Tukapiga picha nyingi, moja wenzetu wawili wamesimama kando ya mfereji ili msomaji aone kina chake. Mwenzetu mmoja, simtaji maana tumeshasameheana, akaipenda hiyo picha kwa ajili ya status. Tatizo kulikuwa na mifuko ya plastiki na godoro bovu nyuma yake. Akazungusha kidole, vyote vikaondoka, akahifadhi juu ya ile ya mwanzo, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp. Wiki tatu baadaye aliyepangiwa kukusanya picha za ripoti akaichukua hapohapo kwenye kundi.

Basi bwana, ripoti ikasema mfereji umezibwa na taka kwa kiasi cha kutisha, na chini yake picha ya nne ikaonyesha mfereji msafi kama wa Uswisi. Mwalimu alicheka kwanza. Halafu hakucheka. Akauliza swali ambalo mpaka leo nalisikia: mmedanganya kwenye maneno au mmedanganya kwenye picha? Na akaongeza, kama hii mmeigusa, hizi nyingine kumi na moja nitazijuaje?

Tulipanda daladala kurudi kulekule tupige upya. Mvua zilikuwa zimeshapita. Godoro halikuwepo, mifuko haikuwepo, kulikuwa na taka nyingine mahali pengine. Ule mfereji wa siku ile ulikuwa umebaki sehemu moja tu duniani, kwenye ile picha, na tumeufuta wenyewe. Alama za sehemu ile zilikwenda na maji.

Mfano wa pili unawahusu zaidi wanaokuja mwaka wa kwanza, kwa hiyo wasomeeni wadogo zenu. Rafiki yangu alikuwa anatafuta geto nje ya chuo akiwa bado mkoani. Dalali akamtumia picha. Chumba safi, ukuta mweupe, dirisha kubwa. Akatuma hela ya udalali na kodi ya mwanzo kwa simu. Alipofika akakuta ukungu mweusi kuanzia sakafuni mpaka usawa wa dirisha, chumba kinanuka kama gunia lililolowana. Akaifungua ile picha tena kuilinganisha. Ukungu haupo, na ajabu ni kwamba hata swichi ya taa haipo! Mashine ilipoziba ukungu ikameza na swichi. Akamwonyesha dalali, dalali akajibu kwa utulivu kabisa: mimi niliisafisha picha tu.

Ameisafisha picha tu! Hapo ndipo neno linapofanya kazi yake. Hakuna anayesema nimedanganya. Watu wanasema nimesafisha, nimerekebisha, nimeondoa kilichokuwa kinaharibu. Muuza laptop ya mtumba anaondoa ufa kwenye kioo. Mwenye hosteli anaondoa mtaro wa maji machafu mlangoni. Wewe uliyeko mbali, mwenye bumu la kuhesabu, ndiye unayelipia kiraka.

Wenzetu wanaoishi kwa kupiga picha waliliona hili mapema, na adhabu zao ni kali mpaka unashangaa. Mwaka 2010 mpiga picha Stepan Rudik alinyang'anywa tuzo ya World Press Photo kwa sababu alifuta kipande cha mguu wa mtu kwenye picha ya vijana wanaopigana mitaani huko Ukraine. Mguu tu, na wala haukuwa wa mhusika! Kisha kuna Narciso Contreras, mmoja wa wapiga picha wa shirika la habari la Associated Press walioshinda Pulitzer mwaka 2013 kwa picha za vita vya Syria. Kwenye picha moja ya mpiganaji alifuta kamera ya video ya mwenzake iliyokuwa kwenye kona ya chini kushoto. Januari 2014 shirika likakata naye uhusiano. Wakapitia picha zake karibu 500 wasikute nyingine iliyoguswa, lakini haikumsaidia.

Nilipokuwa nasoma habari hizo mara ya kwanza nilisema hawa wazungu wana roho mbaya, kamera kwenye kona ndiyo nini? Lakini lile swali la mwalimu ndilo jibu. Kama hii umeigusa, nyingine nitazijuaje? Thamani ya picha ya habari haiko kwenye kona wala katikati, iko kwenye imani kwamba hakuna aliyeingia kati ya kamera na mimi. Ukiitoboa mara moja, imetoboka.

Na msidhani kufuta watu ni kitu kilichozaliwa na simu. Kuna picha maarufu ya Stalin akitembea kando ya mfereji wa Moscow na Volga, pembeni yake akiwa Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wake wa siri. Yezhov akaanguka, akapigwa risasi mwaka 1940, na picha ikatolewa upya: pale aliposimama Yezhov pamechorwa maji. Mfereji unatiririka kana kwamba mtu huyo hakuzaliwa. Tofauti ya wakati ule na sasa ni kwamba wakati ule ilihitaji dola, wachoraji na hofu. Leo inahitaji chaji asilimia kumi.

Sasa najua mtakaponibana. Mtasema, ndugu, picha zote zinadanganya. Mpiga picha akisogea hatua mbili kushoto jalala halionekani, mbona humsemi? Akikata picha pembeni mtu anatoka, mbona hiyo si akili mnemba? Hoja nzuri, na wala siikimbii. Kuna kisa cha jirani zetu kinachoijibu.

Januari 2020 kule Davos, Uswisi, wasichana watano wanaharakati wa tabianchi walisimama wakapigwa picha: Greta Thunberg, Isabelle Axelsson, Luisa Neubauer, Loukina Tille na Vanessa Nakate wa Uganda. Nakate alikuwa amesimama pembeni kabisa, na ndiye pekee aliyekuwa Mwafrika. Picha iliyotolewa na Associated Press, ndiyo, shirika lilelile lililomfukuza Contreras, ilikuwa na wasichana wanne. Nakate amekatwa. Walipoulizwa, maelezo yakawa kwamba mpiga picha aliikata kwa ajili ya mpangilio, kwa sababu nyuma ya Nakate kulikuwa na jengo lililokuwa linavuruga macho. Nakate akawajibu kwamba hawakufuta picha tu, wamefuta bara zima. Shirika likaomba radhi.

Tafakarini hapo. Hakuna aliyekaa kikao akasema tumwondoe Mwafrika. Kulikuwa na jengo. Kisichotakiwa kilikuwa jengo! Lakini alipokuwa anaamua kati ya picha isiyo na jengo na picha yenye Nakate, mtu akaona hasara ni ndogo. Ndiyo maana nasema hata kukata pembeni kuna dhambi zake, sikatai. Tofauti ni hii: aliyekata pembeni ameacha ukingo, na wengine waliokuwa na picha nzima wakaionyesha, ubishi ukaisha. Mashine ya leo haiachi ukingo. Ingemtoa Nakate akiwa katikati ya wenzake, ikawasogeza na kuwachorea mlima wa theluji nyuma yao, na wewe ungeapa walikuwa wanne.

Na nani huwa anafutwa? Hebu fungueni picha zenu mtazame. Ni mama mfagizi, ni machinga, ni mlinzi, ni mtoto asiye na viatu, ni mzee aliyekuwa anapita na mzigo wake. Sijawahi kuona mtu amemfuta profesa aliyetokea nyuma yake kwa bahati mbaya. Mgeni rasmi akikatiza, hiyo picha inawekwa fremu. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tunaondoa "vurugu" tu. Tunachagua, na uchaguzi wetu una sura ileile ya jamii yetu: asiye na cheo ndiye anayevuruga picha.

Niwaambie kitu kimoja cha nyumbani kwetu. Bibi yangu mzaa baba hana picha yake mwenyewe hata moja. Alifariki kabla sijazaliwa. Zamani hizo kule kijijini picha ilikuwa kitu cha harusi, na harusini anayepigwa picha ni maharusi. Picha pekee aliyomo ni ya harusi ya baba mkubwa, mwaka 1984. Maharusi wapo katikati, wamekakamaa kama tulivyokuwa tunakakamaa zamani. Pembeni kulia, nyuma kidogo, kuna mwanamke mwenye sufuria anageuka kutazama kamera, nusu ya uso ina kivuli. Huyo ndiye bibi. Shangazi anasema mimi nimechukua paji lake la uso, na njia pekee ya kumbishia ni kwenda kwenye hiyo picha, kwenye hiyo kona, kumwangalia mama wa sufuria.

Kwa macho ya simu za leo, yule ni kisichotakiwa. Programu nyingine hazisubiri hata umchague, zinamzungushia mstari zenyewe: huyu hapa, tumwondoe? Mashine haijui kwamba huyo ndiye mama wa bwana harusi. Na wala si kosa lake, haijaambiwa. Sisi ndio tunaojua, au ndio tutakaojua miaka 40 ijayo, wakati mtoto wa mtu fulani atakapotafuta picha ya mama yake aliyekuwa anafagia chuoni kwetu na kukuta kwenye picha zetu zote ukuta mweupe.

Haya, haki itendeke, kuna kufuta ambako nakuunga mkono kwa mikono miwili. Futa namba ya simu iliyoandikwa ukutani nyuma yako. Futa namba ya gari la jirani. Kama mtoto wa watu kaingia kwenye picha yako na unaiweka hadharani, mtoe, hiyo ni heshima. Hata Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatukumbusha kwamba taarifa za mtu zinastahili kulindwa. Futa mikwaruzo na madoa kwenye picha ya zamani ya familia, hiyo ndiyo kazi ambayo kina Bertalmío walianzia. Na kama ni tangazo la disko ambalo kila mtu anajua ni mchoro, chora utakavyo.

Wengine mtasema tusihofu, alama zipo. Ni kweli Apple wanaiwekea alama picha iliyopitia Clean Up, na Google nao tangu Oktoba 2024 wanaonyesha kwenye maelezo ya picha ndani ya Google Photos kwamba imeguswa na akili mnemba. Vizuri sana. Lakini alama hizo zinakaa kwenye maelezo ya ndani ya faili, na nani kati yetu anafungua maelezo ya faili? Isitoshe ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, na maelezo mengi ya ndani yanaachwa njiani. Dalali hatumi picha kwa bahasha ya serikali, anatuma kwa WhatsApp.

Kwa hiyo mimi napendekeza tuwekeane utaratibu wetu hapa chuoni, bila kusubiri waraka wa mtu. Picha ya kazi, namaanisha ya fildi, ya maabara, ya ripoti, ya habari, ya kuuza na ya kupangisha, haiguswi. Ina godoro bovu, iende na godoro bovu. Ukitaka ya status, piga nyingine, au nakili kwanza na ile ya mwanzo uiache palepale. Makundi ya fildi yafungue folda moja ya picha za mwanzo ambayo hakuna anayepandisha kitu kilichopita kwenye programu yoyote. Wanaotafuta geto wasikubali picha. Waombe simu ya video, na wamwambie dalali atembee, afungue dirisha, agonge ukuta na awashe taa. Swichi ikikosekana, kimbieni.

Na kwa picha za furaha, za joho na za birthday, siwezi kumkataza mtu. Naomba jambo moja tu. Kabla kidole hakijamzunguka mtu wa nyuma, mtazame sekunde tatu. Mama mfagizi yule alifika saa kumi na moja alfajiri ili hapo unapoposi pawe safi. Kama bado unaona anaharibu picha yako, haya, ni picha yako. Lakini usiseme umesafisha. Sema umemtoa.

Nawasilisha. Wenye hoja za kupinga nipo kwenye vimbweta kuanzia saa kumi, njooni na chai. Tupo pamoja.